Getini Sibiloi ni soo chache. Bei iko barabarani.

Wasee, kuna video yangu mnaijua. Ile nimesimama na bendera mgongoni nikipiga kelele ati ada za mbuga ni wizi. Niliiposti mwaka wa 2025, siku zile KWS ilitangaza ada mpya: Nairobi National Park mwananchi atoke 430 hadi 1,000, Amboseli na Nakuru watoke 860 hadi 1,500. Video ikaenda mbio. Sijawahi kufanya kitu kikaonwa na watu wengi hivyo. Mpaka leo mtu ananisimamisha stejini ananiambia, "Buda, uliwachana."

Leo nataka kujichana mwenyewe.

Sisemi zile ada mpya ni tamu. Thao moja ya kuingia Nairobi Park ni pesa kwa mtu wa Kayole, na mtu akikuambia si pesa, muulize anakaa wapi. Shida yangu ni nyingine. Nilipokuwa nikipiga zile kelele, nilikuwa nimetoka Sibiloi miezi miwili tu nyuma. Risiti zote zilikuwa kwenye simu. Nilijua, na hesabu nilikuwa nayo, kwamba pesa ya getini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika ile safari. Sikusema, kwa sababu "ada ni wizi" inapata laiki, na "wacha tufanye hesabu" haipati.

Kwa hivyo wacha tufanye hesabu.

Kwanza kwa wale hawaijui. Sibiloi iko Kaunti ya Marsabit, ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, juu kabisa karibu na Ethiopia. Ni jangwa la mawe, mchanga na upepo. Eneo lake ni kilomita 1,570 za mraba. Ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1973, na haikufanywa kwa sababu ya simba ama ndovu. Ilifanywa kwa sababu ya mifupa. Huko ndiko Koobi Fora, na mwaka wa 1972 Mkenya anaitwa Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu vimetapakaa kwenye mmomonyoko. Vilipounganishwa vikawa fuvu ambalo dunia nzima inalijua kwa nambari 1470, la binadamu wa kale aliyeishi karibu miaka milioni 2 iliyopita. Ukifungua kitabu cha historia popote duniani kinachoeleza binadamu alitoka wapi, ukurasa huo umechimbwa huku kwetu. Sasa jiulize, kwa marafiki wako wote, ni wangapi wamefika? Mimi kabla ya kuenda nilikuwa namjua mtu mmoja, na alikuwa dereva.

Tulienda watu 6, Agosti 2025. Siku ya kwanza Nairobi hadi Marsabit, lami tupu. Siku ya pili ukaiacha lami, ukashuka Maikona, ukakata Jangwa la Chalbi hadi Kalacha. Siku ya tatu North Horr, halafu mawe, mawe, mawe, mpaka mbugani. Siku ya nne tukashinda Koobi Fora. Siku 3 za mwisho tukarudi njia ile ile. Jumla siku 7, na kati ya hizo 6 zilikuwa za barabara.

Gari na dereva lilikuwa 15,000 kwa siku. Siku 7, hiyo ni 105,000. Gari lenyewe lazima liwe la kupanda mawe. Ukienda na Probox utairudisha kwa gunia. Mafuta 46,000. Chakula na maji 18,000, kwa sababu jangwani maji unabeba, huendi kununua. Kulala Marsabit na Kalacha kwenda na kurudi, 12,000. Jumla 181,000. Gawa kwa watu 6: 30,000 na kitu kila mmoja.

Sasa mbuga yenyewe. Kiingilio cha siku 2, kulala kambini usiku 2, na sehemu yangu ya ada ya gari. Yote pamoja haikufika 2,000.

Soma tena. Kwa kila shilingi niliyolipa mbuga, zaidi ya 15 zilienda barabarani. Ukifuta ada yote, ukaifanya sufuri kabisa, safari yangu ingetoka thao 32 ikawa thao 30. Ni nani hapo kwenye komenti alikuwa amekwama nyumbani kwa sababu ya hiyo thao 2?

Hii hesabu ilinigonga mahali, na wacha niseme ni wapi. Wengi mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Watu hudhani ni karo. Hata mamangu huwaambia watu wa kanisa ni karo, kwa sababu ni rahisi kueleza. Lakini karo ilikuwa imelipwa kwa mkopo. Mlango wa chuo ulikuwa wazi. Kilichonitoa ni kodi ya chumba, nauli ya kila asubuhi, chakula, na laptopu ya kuazima ambayo mwenyewe alikuwa anaitaka kila nikiwa na mtihani. Kwenye karatasi nilikuwa mwanafunzi aliyelipiwa. Kwa maisha nilikuwa mtu wa kuhesabu kama leo ni chai ama ni matatu. Siku nilipoondoka hakuna mtu alinifukuza. Ni vile tu kufika kulikuwa kumeshinda kuingia.

Kwa hivyo mtu akiniambia "lakini kiingilio ni rahisi", mimi huyo mtu namjua. Nimeishi ndani ya hiyo sentensi.

Na hapa nataka kugombana na pande mbili.

Upande wa kwanza ni sisi wa "punguza ada". Tunapigania kitu kidogo kwa sababu kinaonekana. Ada ina nambari, ina tangazo, ina mtu wa kumtukana. Barabara ya North Horr haina mtu wa kumtag. Halafu kuna wale wanaenda mbele zaidi wanasema mbuga ziwe bure kabisa. Bure tumeshaiona kwingine, na ni jangwani vilevile. Joshua Tree, mbuga ya jangwa kule California: mwisho wa 2018 hadi Januari 2019 serikali ya Marekani ilifungwa kwa sababu ya ugomvi wa bajeti. Mbuga ikabaki wazi, wafanyakazi wakiwa wachache mno, na kiingilio hakikusanywi. Takataka zilijaa, vyoo vikafurika, watu wakaendesha magari nje ya njia, na miti ile iliyoipa mbuga jina ikaharibiwa. Jangwa halisahau. Tairi ikipita mahali haifai, alama hukaa miaka. Koobi Fora kuna visukuku vimelala pale pale vilipopatikana, kobe mkubwa na ndovu wa zamani, vimejengewa vijumba vidogo kuvikinga. Ukitoa askari hapo kwa sababu umefuta ada, mtu ataweka kipande kwenye begi akampostie mpenzi wake. Kwa hivyo hapana, bure si jibu.

Upande wa pili ndio unaniudhi zaidi. Ni wale wa "ni soo chache tu, hiyo ni bei ya shawarma, nyinyi vijana mnapenda kulia". Hao mara nyingi wameenda Amboseli na gari la baba. Kwao safari inaanza getini. Yote ya kabla ya geti kuna mtu mwingine amelipa, hata hawajui iliitwa pesa. Ukiwa na gari, ada ndiyo bei. Usipokuwa na gari, ada ni kama kuambiwa ukumbi wa harusi ni bure lakini harusi iko Moyale.

Nilikuwa nimeanza kuridhika na hii hoja yangu, nikijiona mimi ndiye nimeonewa. Halafu tukafika North Horr tukitoka mbugani, tairi limekwisha.

Aliyetuziba pancha ni jamaa wa rika langu. Amemaliza kidato cha nne, ana kompresa ya kukodisha na mwavuli wa simu uliopauka na jua. Anapiga kazi akiuliza maswali, vile mafundi hufanya.

"Mmetoka wapi?"

"Sibiloi."

"Mlienda kuona nini?"

Mimi, kwa sauti ya kontenti: "Tumeenda kuona mahali fuvu la mtu wa kwanza lilipatikana."

Akatoa tairi kwa ringi, akaniangalia. "Fuvu si liko Nairobi?"

Wasee, nilinyamaza. Kwa sababu ni kweli. Fuvu la 1470 linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, na makao yake ni Nairobi, mwendo wa dakika chache kutoka tauni. Mimi naishi nalo mji mmoja. Nimelipita na matatu mara mia nikienda Westlands. Nikatumia thao 30 kuenda kuona shimo lilikotoka. Na huyu jamaa, ambaye hilo shimo ni jirani yake, angehitaji safari ile ile, siku zile zile, kwa lori la mbuzi, ndiyo aone kilichotoka humo.

Nikamuuliza kama amewahi kuingia mbugani. Akasema amepita pembeni na ngamia za mjomba wake, wakati wa kiangazi. Mbugani kama mgeni, na tiketi, hajawahi. "Nikaone nini? Mawe tunayo hata hapa." Alicheka. Halafu akauliza hiyo tiketi pesa inaenda wapi. Nikamwambia inalipwa kwa eCitizen, inaenda KWS. Akasema, "Sawa," vile mtu husema sawa akijua stori imeishia hapo.

Hilo "sawa" ndilo limenifanya niandike hii posti.

Tukiongea ada za Sibiloi, tunaongea kana kwamba kuna watu wawili tu: mgeni anayelipa na serikali inayopokea. Mtu wa tatu, anayeishi pale, hayuko kwenye risiti. Mara ni tofauti: Maasai Mara inasimamiwa na Kaunti ya Narok, na kiingilio kinaingia kaunti. Samburu vilevile, ina kaunti yake. Amboseli wamevutana miaka na miaka kuhusu kuirudisha kwa Kajiado. Sibiloi hakuna hata mvutano, kwa sababu pesa yenyewe ni kidogo na watu wa kule ni wachache na wako mbali. Siku tuliyoingia, jina la mwisho kwenye kitabu cha wageni kabla ya letu lilikuwa la siku 11 nyuma. Siku kumi na moja. Kwenye chimbuko la binadamu wote.

Na msidhani hiyo ni utulivu mzuri wa jangwa. Mahali hapaendwi hapana mtetezi. Mwaka wa 2018 UNESCO iliweka mbuga za Ziwa Turkana, Sibiloi ikiwemo, kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, hasa kwa sababu ya bwawa la Gibe III kule Ethiopia. Bwawa liko juu ya Mto Omo, na karibu asilimia 90 ya maji yanayoingia ziwani yanatoka Omo. Mlisikia maandamano? Mliona hashtegi? Uhuru Park wakikata miti tunalia, na ni haki, kwa sababu tumekalia ile nyasi. Ziwa la Turkana tunaliona kwa ramani. Mtu hawezi kulilia kitu hajawahi kukiona.

Sasa ninataka nini? Kulia bila kutaka kitu ni kontenti tu, na nimeshakubali kosa hilo. Nataka vitu 3.

Cha kwanza, tiketi ya Sibiloi iwe ya safari, isiwe ya siku. Sasa hivi unalipa kiingilio kwa siku, na juu yake kambi kwa kila kichwa kwa kila usiku. Hiyo hesabu imetengenezwa kwa Nairobi Park, ambapo unaingia asubuhi, unaona kifaru, saa kumi uko nyumbani. Mtu aliyesafiri siku 3 kufika Sibiloi hafai kuwa anaangalia kalenda. Joshua Tree, ile ile, wanatoza dola 30 kwa gari zima na tiketi inakaa siku 7. Kuingia unalipa mara moja, kulala kambini ndiko kwa usiku. Sisi tungelipa mara moja pia, hata kama ni pesa zaidi ya sasa kidogo, na tukae. Naam, najua nimetoka kusema ada si kitu. Kwangu na wenzangu watano wenye gari la kukodi, si kitu. Kwa mwalimu wa Marsabit anayeleta wanafunzi 40 kwa lori, siku 2 za ziada zikizidishwa kwa 40 ni chakula cha safari nzima. Na mgeni akikaa, anakunywa chai North Horr, ananunua mbuzi, anaziba pancha. Akikimbia, anaacha vumbi.

Cha pili, sehemu ya ada ibaki pale, na iandikwe getini kwa rangi ile ile ya bei. Marekani wana sheria ya mwaka 2004 inayosema kwa kawaida angalau asilimia 80 ya ada ibaki kwenye mbuga iliyoikusanya. Mimi sitaki kunakili kila kitu cha Marekani. Lakini yule fundi aliuliza swali la watu wazima, na jibu linafaa kuwa kwenye ubao: mwaka huu tumekusanya hivi, hivi zimechimba kisima, hivi zimelipa walimu wa nasari. Hata kama ni kidogo. Kidogo kinachoonekana kinashinda kingi kinachosemwa.

Cha tatu, na hiki ndicho kikubwa: basi. Basi moja, likizo za Aprili, Agosti na Desemba, Marsabit hadi Koobi Fora, nauli ya kuchangia. Serikali inajua kupeleka watu mbali ikitaka. Mitihani ya kitaifa hufika Ileret kila mwaka, na mtihani huendi wenyewe kwa miguu. Kama karatasi ya historia inafika, mtoto aliyeifanya anaweza kufika pia. Na basi likirudi lisirudi tupu. Libebe watoto wa North Horr na Ileret waje Nairobi waone fuvu lao, waingie bila kulipa, walale bweni la shule yoyote iliyofunga. Wanafunzi wa vyuo vya nje wamekuwa wakija Koobi Fora kuchimba na kusoma kwa miaka mingi. Sina kinyongo nao, wamepanga safari yao. Nataka na sisi tupangiwe.

Kuna mtu ataandika hapa chini, "Wewe dropauti unatuambia nini kuhusu elimu?" Namjibu mapema. Ndiyo maana nakwambia. Najua mlango ulio wazi na usioweza kuufikia unafananaje. Hukuoni ukikosa, kwa sababu huna hata cheti cha kukataliwa. Unahesabiwa ni wewe hukutaka.

Sijafuta ile video. Ikae, ndiyo mjue hata mimi huuza moto kukiwa na soko la moto. Lakini nimeibandikia hii posti juu yake.

Usiku wetu wa mwisho kambini upepo ulikuwa mkali mpaka tukalala tumeshikilia nguzo za hema kwa zamu. Asubuhi tulitaka kuona ule msitu uliogeuka mawe, magogo ya mierezi ya mamilioni ya miaka. Dereva akaangalia mafuta, sisi tukaangalia pesa, tukapiga kura. Tukaondoka. Sijauona. Na mimi ndiye yule mwenye bahati aliyefika.

Yule fundi wa North Horr alichukua namba yangu. Juzi amenitext akauliza kama ni kweli makumbusho mtu anaingia tu. Nikamwambia kiingilio ni juu yangu, asijali.

Akajibu, "Kiingilio si shida. Nauli."